Uliza Ndama Walilala Wapi

Vijana wangu, mtu akiniuliza nilifanya kazi gani miaka yote hii, namjibu bila kuona haya: nilikuwa natafutia maji njia. Sio kuyaleta, kuyaondoa. Watu wanacheka ukisema hivyo hapa kwetu. "Mzee, Dodoma na mafuriko wapi na wapi?" Anayeuliza hivyo ama ni mgeni, ama nyumba yake iko kwenye mwinuko. Sisi wengine tunajua. Miezi saba ardhi inakauka mpaka inapasuka, halafu siku moja ya Desemba mbingu inafunguka saa tisa alasiri, na saa kumi masufuria yako yanaelea uani.

Sasa nimestaafu. Goti la kushoto limekataa kabisa kuingia shimoni, na mimi silibembelezi. Nakaa kwangu Makole, nakunywa chai, na nyie mnakuja na simu zenu kunionyesha picha za mitaro mliyochimba. Mingine mizuri, namshukuru Mungu. Mingine, ningekuwa na nguvu ningekwenda kuifukia mwenyewe. Juzi mmoja wenu akaniambia, "Mzee, wewe hujawahi kukosea." Neno lile lilinikera usiku kucha, kwa sababu sifa za namna hiyo ndizo zilizoniponza. Basi leo nawasimulia mtaro wangu uliokuwa mbaya kuliko yenu yote, na yule mama aliyenifundisha kazi nikiwa tayari najiona nimehitimu.

Nimezaliwa Kondoa, milimani. Kule maji hayana siri. Mvua ikinyesha unayasikia yanakimbia, kesho yake unaliona korongo jipya na unajua yalipita wapi. Baba yangu alilima kwenye mteremko, kwa hiyo nilijua kuusoma mteremko kabla sijajua kusoma daftari. Nilipohamia Dodoma mjini nilikuja na jicho hilo. Mafundi wenzangu walikuwa na mpira wa levo, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Mnautia maji, mmoja anashika ncha hii, mwingine ncha ile, maji yakitulia mnajua wapi juu na wapi chini. Mimi nilikuwa nawacheka. Nasimama, nafumba jicho moja, nanyoosha mkono, nasema chimba hapa. Na nilikuwa napatia, wallahi. Napatia mara nyingi kiasi kwamba watu walianza kuniita Jicho. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nyie mnaujua mwisho wa methali hiyo.

Ndipo nikaitwa kwa Mama Yohana.

Huyu alikuwa mama wa Kigogo, mjane, amenizidi miaka ishirini hivi. Alikaa pembezoni mwa mji, upande wa barabara ya Kondoa, mahali ambapo zamani palikuwa kijiji kabla mji haujakimeza. Tembe ya ukweni, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa, ilikuwa imeshabomolewa, na mwanawe Yohana, mfanyakazi wa ofisini, alikuwa amemjengea nyumba ya matofali ya kuchoma pale pale. Nyumba nzuri. Tabu ilikuwa uani. Mvua ikinyesha, maji yanasimama kule nyuma kama yamealikwa, kisha yanaingia jikoni, kisha chumbani.

Nilipofika nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

"Wewe ndiye kijana wa Kondoa?"

"Ndiyo mama. Mimi ndiye fundi."

"Kijana wa Kondoa," akarudia. "Fundi tutamjua mvua ikinyesha."

Mkumbuke, nilikuwa na ndevu na watoto watatu. 

Yohana hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinionyesha ukuta wa nyuma, una ufa unaoingia kidole. "Misimu miwili mfululizo maji yamelala na mama chumbani," akasema. "Nimemwambia mbele ya wazee wa kanisa. Mwaka huu yakiingia tena, anahamia kwangu, na kiwanja hiki tunauza. Sitaki kupigiwa simu siku moja kwamba ukuta umemwangukia." Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Alipoondoka, Mama Yohana akaniletea maji ya kunywa. Akanionyesha kwa kidevu nje ya ua wa minyaa, kwenye lundo la mawe lililozungushiwa miiba. "Mume wangu yuko pale," akasema. "Yohana anasema kwake kuna bomba ndani ya nyumba na kuna taa kila mahali. Sawa. Lakini asubuhi nikiamka kule, huyu atasalimiwa na nani?"

Mimi nikamjibu kwa majivuno, "Mama, huhami. Niachie mimi."

Ilikuwa Oktoba, kiangazi kimekolea. Nikasimama katikati ya uwanja wake, nikafumba jicho. Nyuma yangu kilima, mbele yangu barabara ya mtaa. Jicho likaniambia, ardhi inatoka kilimani inashukia barabarani. Nikachimba mtaro ulionyooka kutoka nyuma ya jiko mpaka barabarani, nikaupiga saruji, nikaulainisha mpaka ukang'aa. Ulikuwa mtaro mzuri kuliko nyumba nyingine za mtaa ule. Majirani walikuja kuutazama. Mama Yohana hakuja. Alikaa mlangoni akipepeta uwele, akiniangalia tu.

Kitu kimoja alinifanyia kila siku. Adhuhuri ikiingia nikitafuta mahali pa kutandika mkeka niswali, aliniambia, "Weka pale," akinyoosha mkono kwenye kona ya kulia, karibu na mti wa mgunga. Mimi ningependa upande wa pili, wenye kivuli zaidi. "Pale," anasema. Basi nikawa naswali pale, siku zote za kazi, bila kujiuliza kwa nini. Kumbukeni kona hiyo.

Mvua ya kwanza ilinikuta kwake. Hakuniita mtu, nilikwenda mwenyewe kujionyesha. Wingu lilipofunga nikavaa shati safi, nikapanda bodaboda mpaka kwake, nikasimama mlango wa nyuma nimeshika kiuno kama bwana harusi. Mvua ikashuka. Mtaro ukaanza kujaa, nikamwambia, "Unaona mama, yanakwenda."

 Aliingia ndani, akatoka na ungo wenye pumba za uwele, akachota kiganja kimoja, akazirusha mbali kwenye mtaro. Kwao, mvua ikinyesha, ndivyo walivyokuwa wanayauliza maji yanakwenda wapi, maana maji yenye tope huwezi kujua yanaelekea wapi kwa kuyatazama tu. Pumba zinaelea, na ziendako ndiko maji yaendako.

Zile pumba zikazunguka kidogo, kisha zikaanza safari. Zilikuja kwetu. Zikatoka upande wa barabarani, zikapita kwenye saruji yangu laini bila kukwama popote, zikaingia jikoni, zikasimama kwenye miguu yangu.

"Zimekuja kukusalimia," akasema Mama Yohana.

Barabara ilikuwa juu kuliko ua wake kwa kiganja kizima. Mimi, Jicho, nilikuwa nimejenga mfereji wa kuleta maji ya mtaa mzima ndani ya nyumba ya mjane, tena nimeupiga na niru ya kuung'arisha. Vijana, andikeni hili mahali: mlima ukiwa nyuma yako, kwenye nchi tambarare, usiliamini jicho lako. Jicho likishauona mlima linataka kila kitu kishuke kutoka huko. Kondoa lilikuwa sahihi kwa sababu Kondoa kila kitu kinashuka kweli. Hapa ardhi inainuka na kuinama kwa unene wa kidole, na kidole hakionekani kwa macho.

Tulitoa maji kwa ndoo mpaka jioni, mimi na shati langu safi. Gunia zima la uwele lilikuwa limelowa. Nilikuwa nasubiri anifukuze, na ningeondoka nikishukuru. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, hata leo nikiisimulia masikio yanapata moto.

Akampigia mwanawe simu mbele yangu. Hakudanganya. Alisema maji yameingia jikoni, chumbani hayajafika. Nikasikia sauti ya Yohana inapanda upande wa pili. Mama akasikiliza, akasema, "Sio Jumamosi hii. Jumamosi ya juu yake. Njoo na gari lako, ukikuta maji ndani, nitapanda mwenyewe, hutanibeba." Akakata.

"Una siku tisa," akaniambia.

"Mama, mimi ndiye niliyeharibu. Tafuta mwingine."

"Mwingine hajayaleta. Uliyeyaleta ndiye utakayeyapeleka."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Asubuhi nikarudi.

Uwanja ulikuwa tope tupu, maji yamesimama kifundoni. Adhuhuri ikaingia, nikachukua mkeka wangu, nikatafuta mahali. Nikajikuta nimekwenda kwenye kona yangu bila kufikiri. Nikatandika. Ndipo nikashtuka. Pale palikuwa pakavu. Uani kote tope, na pale vumbi limelowa juu tu. Niliswali, lakini nakiri, akili haikuwa kwenye swala.

Nilipomaliza nikamfuata. "Mama, mbona pale ninaposwalia hapana maji?"

Alicheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Ndiyo mara ya kwanza kumwona anacheka. "Pale walikuwa wanalala ndama," akasema.

Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto. Uwanja wote ule lilikuwa zizi la baba mkwe wake. Ng'ombe walisimama pale tangu kabla yeye hajaolewa. Na mfugaji yeyote wa Kigogo, kabla hajapanga zizi, anatafuta kwanza mahali pa ndama, kwa sababu ndama akilala kwenye tope siku tatu anakufa. Anatazama mvua msimu mzima, anajua sehemu iliyo juu, ndama wanalala hapo. Wakubwa watajijua.

"Na mkojo wa ng'ombe ulikuwa unakwenda wapi?" nikauliza.

"Sasa unauliza," akasema. Akanyoosha mkono kona ya pili, kule kwenye minyaa, mbali na nyumba, mbali na barabara. "Kila kitu kiliishia kule. Ndiyo maana samadi ya kule inafika gotini. Ila maji hayapiti. Chini kwato zimeshindilia mpaka pamekuwa kama sakafu."

"Kwa nini hukuniambia siku ya kwanza?"

"Ulikuwa umefumba jicho," akasema. "Nikadhani unasali."

Kuuliza si ujinga, tunaambiwa tangu shuleni, lakini fundi akishaitwa fundi anaona kuuliza ni kujivua nguo. Tangu siku ile, popote nilipokwenda, Chemba, Kondoa, hapa mjini, swali langu la kwanza kwa mwenye nyumba halikuwa kuhusu saruji. Niliuliza, hapa zamani palikuwa nini? Kama palikuwa na zizi, ndama walilala wapi? Watu wa ofisini waliniona nimechanganyikiwa. Bibi mmoja katika nyumba kumi ndiye aliyekuwa na jibu, na jibu hilo lilikuwa linatosha.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutoyatupa maji barabarani. Nilikuwa nimeanza kupanga kuyatoa kwa mtaro mwingine, akaniona ninavyohesabu hatua kuelekea mtaani. "Miezi saba nayasubiri," akasema, "yakija unayafukuza kama mwizi? Yatafutie mahali pa kukaa." Mimi wa milimani nilikuwa nimejifunza kuyakimbiza maji. Yeye wa nchi kavu alikuwa ananifundisha kuyakalisha.

Kazi ikaanza kwa kuvunja. Nilivunja mtaro wangu kwa nyundo, majirani wale wale waliokuja kuusifia wakija kutazama, na sikuinua uso. Kisha nikaenda kwa mafundi wenzangu kuazima mpira wa levo. Walinicheka kwa haki yao, wakanipa. Sikuwa na mtu wa kushika ncha ya pili, akaishika Mama Yohana. Alikuwa anainama pale kwenye kona ya ndama, ananyamaza, halafu anasema, "Yametulia," na kweli yanakuwa yametulia. Nimefanya kazi na mafundi wenye vyeti ambao hawana subira ile. Mpira ukathibitisha maneno yake yote. Kona ya ndama juu, kona ya minyaa chini.

Pale chini nikaanza kuchimba shimo la kunyonya maji. Samadi ilitoka kwa koleo kama mchezo. Kisha sururu ikagonga ile sakafu ya kwato ikanirudia mikononi. Siku mbili nimechimba kina cha shubiri moja. Mama Yohana akaja akatazama. Jioni akamwaga mle maji ya kuoshea vyombo, akafunika na magunia. Asubuhi, kabla jua halijakaza, sururu ikaingia. Basi ikawa hivyo: jioni tunalowesha, tunafunika, asubuhi napiga. Siku ya saba sururu ikazama yenyewe, nikachota kiganjani: kichanga, kinamwagika katikati ya vidole. Nikamwita. Nikamimina ndoo nzima ya maji, akaenda kusonga ugali. Tulipomaliza kula, ugali wa uwele na mlenda, tukarudi kuchungulia. Ndoo ilikuwa imenywewa yote. Hicho ndicho kipimo changu mpaka nastaafu. Ukimaliza kula na maji bado yapo, hujafika, endelea kuchimba.

Vitu vya kwanza kuingia shimoni vilikuwa vipande vya saruji yangu mwenyewe. Juu yake mawe, juu ya mawe kokoto, juu ya kokoto mchanga. Kisha nikachimba mfereji wa udongo kutoka nyuma ya jiko, usio na mbwembwe, kila hatua mbili nashusha unene wa kidole, sio zaidi. Ukishusha sana maji yanakimbia yanachimba, ukishusha kidogo yanalala njiani. Upande wa barabara nikaweka tuta la udongo wa kushindilia, mtaa ubaki na maji yake. Nilimaliza Ijumaa jioni. Sikumwita jirani yeyote kuja kuona.

Jumamosi wingu lilianza kufunga mchana. Nilikuwa pale tangu asubuhi, safari hii na shati la kazi. Vitu vyake vilikuwa vimefungwa ndani, kwa sababu alikuwa ametoa ahadi: sanduku, godoro, picha ya mumewe imefunikwa kitenge. Nilipoviona nikawaza: Kama nimekosea tena, huyu mama analala mjini leo.

Saa tisa ikamwagika.  Alipotoka na ungo wake wa pumba nilitamani kufumba macho, yote mawili. Akachota, akarusha kwenye maji pale nyuma ya jiko. Pumba zikazunguka. Kisha zikaondoka, zikatugeuzia mgongo, zikaingia kwenye mfereji, zikafuata ule mwinamo wa kidole kimoja kimoja mpaka kwenye minyaa.

Zilipofika kule zikasimama. Maji yalikuwa yanakuja mengi kuliko shimo linavyomeza. Yakaanza kupanda. Yakafika ukingoni mwa mfereji, yakatoka nje, yakaanza kurudi nyuma kwenye samadi, hatua moja, hatua mbili. Nilihesabu hatua zilizobaki mpaka kwenye ukuta wenye ufa. Zilikuwa kumi na nne. Zikabaki kumi na mbili. Nilisoma dua zote ninazozijua, na Mama Yohana pembeni yangu alikuwa anasema za kwake.

Mvua ikapungua kidogo. Pumba zikatikisika, zikaanza kuzunguka juu ya shimo polepole, duara likapungua, likapungua. Maji yalikuwa yanashuka.

Yohana alifika mvua inapokatika, gari lina turubai nyuma, suruali ameikunja mpaka magotini, viatu mkononi. Alipita mbele ya nyumba kwa haraka akaja uani akitegemea kuogelea. Alimkuta mama yake amekaa kwenye kigoda mlango wa jikoni, miguu mikavu, ungo mapajani. Nami nimesimama pembeni, tope mpaka kwenye ndevu.

"Mbona umekunja suruali?" akamuuliza.

Yohana akatazama jikoni, akatazama ukuta, akatazama tena uwanja. "Mama, maji yako wapi?"

Mama Yohana akaweka ungo chini. Alinigeukia mimi. Alikaa nyumba ile miaka mingine kumi na moja, akala mlenda alioupanda juu ya shimo lile, na leo yuko nje ya minyaa, pembeni ya mumewe, wanasalimiana wenyewe. Maji hayakuingia tena. Nimesifiwa na wengi tangu siku ile, nimeshikwa mikono na wakubwa, nimepewa na cheti chenye fremu. Lakini neno ninalolibeba ni lile aliloninyima tangu siku ya kwanza, akanipa pale, mbele ya mwanawe, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama vile amekuwa akinisemesha hivyo siku zote.

"Fundi," akasema, "mpeleke mwenzio akaone yalipokaa."

Nikatangulia mbele, na Yohana akanifuata nyuma, viatu bado mkononi.